Fungu la Kumi la Mgonjwa
Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Hesabu za sanduku la wagonjwa zimekwisha kusomwa na Mtunza Hazina, nami sitazirudia. Nataka kusema juu ya jambo lisiloonekana katika hesabu zile, yaani kamisheni apewayo mtu kwa kumpeleka mgonjwa mahali fulani kupimwa au kutibiwa.

Mwaka uliopita nalimsindikiza mzee wetu mmoja kupigwa picha ya tumbo. Nilipokwisha kulipa, bwana mmoja wa pale aliniita kando, kwa kuwa aliiona barua ya Chama mkononi mwangu. Akaniambia kwamba kwa kila mgonjwa atakayefika na barua yangu nitapata fungu la kumi la malipo, na ya kuwa wako madaktari wapatao vivyo hivyo. Wazee wangu, sitawaficha: sikumjibu palepale. Nina watoto shuleni, na karo mnaijua. Nilikaa siku mbili nikiwaza, ndipo nikakataa.

Kilichonizuia ni hesabu. Picha ikilipiwa shilingi 5,000, fungu la kumi ni shilingi 500. Fedha hizo hazishuki kutoka mbinguni. Hutoka katika bei anayotozwa mgonjwa. Ikiwa kila mwanachama huchanga shilingi 50, basi michango ya watu kumi ingeingia mfukoni mwangu. Tena liko baya kupita hilo: barua yangu ingekuwa imekwisha kununuliwa. Hata siku ambayo mgonjwa hahitaji picha, kalamu yangu ingetamani aihitaji.

Jaribu la daktari ni kubwa zaidi, maana mgonjwa hana elimu ya kulipima neno lake. Wahenga walisema, mgonjwa haulizwi uji, kwa kuwa waliamini kwamba ampikiaye humtakia mema. Je, ikiwa mpishi hulipwa na mwuza unga?

Sisemi kwamba daktari akikupeleka kwa bingwa amekosa. Wengi hufanya hivyo kwa haki, na ujira wa kazi iliyofanywa ni halali. Kosa ni kulipwa kwa kumwuza mgonjwa.

Wala jambo hili si la nchi moja. Chuo cha Wapasuaji cha Marekani kilipoanzishwa mwaka 1913, wanachama wake walitakiwa kuahidi kwamba hawatagawana malipo kwa siri na daktari aliyewaletea mgonjwa. India, ambako ndugu zetu wengi huenda kutibiwa kwa fedha za harambee, kanuni za madaktari za mwaka 2002 zilikataza kutoa na kupokea kamisheni ya namna hiyo. Hata hivyo, mwaka 2014 daktari David Berger, aliyewahi kujitolea kufanya kazi huko, aliandika katika British Medical Journal kwamba desturi hiyo imeenea. Na mwaka 2017 jimbo la Maharashtra liliandaa mswada wa kuizuia. Basi kanuni peke yake haitoshi, iwapo mgonjwa na jamaa zake hunyamaza.

Sheria yetu ya Afya ya mwaka 2017 yampa mgonjwa haki ya kuelezwa njia za matibabu zilizopo, pamoja na faida, hatari na gharama zake. Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, tuulize kwa adabu: kipimo hiki kitabadili nini katika matibabu yangu, na je, naweza kupimwa pengine? Pili, kila stakabadhi iletwe ofisini, ili Halmashauri ilinganishe bei. Na panapoonekana hila, tulipelekee shauri Baraza la Madaktari. Tatu, iandikwe katika kanuni za Chama kwamba ofisa yeyote akipokea kitu kwa ajili ya kumpeleka mgonjwa mahali, ataondolewa kazini.

Kanuni hiyo itanihusu mimi kabla ya mtu mwingine, maana barua naziandika mimi. Mkiikubali leo, nitakuwa wa kwanza kuitia sahihi.