Mashine ya Kuchujia Kahawa katika Nchi ya Maji ya Chokaa

(Maelezo yaliyosomwa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama, Uroa)

Kahawa si jambo geni Unguja. Katika baraza za Mji Mkongwe, na hasa pale Jaws Corner ambapo wazee na vijana hukutana jioni kwa bao, dhumna na mabishano ya siasa, kahawa hutoka katika mdila wa shaba uliokaa juu ya makaa. Humiminwa katika vikombe vidogo visivyo na mkono, nayo huwa chungu, pengine na tangawizi, na kashata ikawa pembeni. Kilicho kigeni ni mashine ya umeme ya kuchujia kahawa, ambayo siku hizi imeingia katika baadhi ya majumba, katika nyumba za wageni za pwani ya mashariki, na hata katika ofisi za vyama. Huja kwa njia nyingi: zawadi ya jamaa aliyeko Ulaya au Maskati, kitu kilichoachwa na mgeni aliyerudi kwao, au chombo kilichonunuliwa kwa fedha za wanachama ili wageni wapate kahawa ya asubuhi.

Aghalabu mashine hiyo haidumu. Baada ya miezi michache huanza kufoka na kutoa moshi mwingi na kahawa kidogo. Kisha hunyamaza. Kisha huwekwa juu ya kabati, na katika daftari la mali ya chama huendelea kuandikwa kila mwaka kana kwamba ni nzima. Hapo ndipo jambo hili linapomgusa katibu, kwa kuwa mali iliyoandikwa daftarini ni mali ya wanachama, na wanachama wana haki ya kujua imekufa kwa maradhi gani. Jibu, kwa mashine nyingi za pwani hii, ni kwamba haikufa. Imeziba kwa chokaa.

Ili jambo hili lifahamike, hapana budi kueleza kwanza jinsi mashine inavyofanya kazi. Wazo la kuchuja kahawa kwa karatasi lilipata hataza mwaka 1908 kwa jina la Melitta Bentz, mama wa nyumbani wa mji wa Dresden huko Ujerumani, aliyechoshwa na machicha katika kikombe. Mashine ya umeme ilikuja baadaye: Wajerumani walikuwa nayo katika miaka ya 1950, na Marekani ikaanza kuuza kwa wingi ile iitwayo Mr. Coffee mwaka 1972. Uroa ilipata umeme mwaka 1990, kwa mradi wa umeme vijijini uliosaidiwa na Norway. Mwanaanthropolojia Tanja Winther wa nchi hiyo, ambaye aliishi kijijini hapa na kuchapisha kitabu juu ya umeme wa Uroa mwaka 2008, alieleza jinsi watu walivyoupokea kwa taa na televisheni huku wapishi wengi wakibaki na kuni zao. Kwa hiyo vyombo vya umeme vinavyopasha maji moto bado ni wageni katika jiko la Uroa, na si ajabu kwamba desturi ya kuvitunza haijajengeka kama ilivyojengeka ile ya kutunza mdila.

Watu wengi hudhani ndani ya mashine mna pampu. Mashine nyingi za nyumbani hazina pampu. Maji hushuka kutoka katika tangi, hupita katika kizuizi kidogo kinachoruhusu maji kwenda upande mmoja tu, kisha huingia katika bomba jembamba la alumini lililopinda chini ya ile sahani inayopasha jagi. Bomba hilo limeambatana na waya wa moto. Maji yakichemka humo hufanya mapovu ya mvuke, na mapovu hayo ndiyo yanayoyasukuma maji juu, kidogo kidogo, hadi yadondoke juu ya unga wa kahawa. Ule mngurumo unaosikika ni kazi ya mapovu hayo. Basi kila tone la kahawa limepitia mahali pamoja pembamba na pa moto, wala jicho la mwenye mashine halipaoni.

Sasa tazama maji yenyewe. Pwani ya mashariki ya Unguja ni nchi ya maweni, yaani jiwe la matumbawe ya kale lililoinuka kutoka baharini. Maji ya mvua hupita katika jiwe hilo, yakachukua hewa ya ukaa kutoka katika udongo, yakawa na ukali mdogo, yakaliyeyusha jiwe na kuondoka nalo. Ndiyo maana maji ya visima yanaweza kuwa maangavu kabisa na bado yamebeba jiwe. Yakipashwa moto hewa hiyo hutoka, na jiwe lililoyeyuka hurudi kuwa jiwe. Ganda jeupe lililo ndani ya birika la chai ni ndugu wa lile jiwe ambalo watu wa Unguja wamelichoma katika matanuri tangu zamani ili kupata chokaa ya kujengea. Katika birika halina madhara makubwa, kwani birika lina mdomo mpana na mtu hulibandua. Katika bomba jembamba la mashine ni jambo jingine. Ganda likiwa nene, joto halipiti kutoka katika waya kwenda katika maji kama ipasavyo. Waya huzidi kupata moto, kidhibiti joto huukata umeme na kuurudisha mara kwa mara, na mwisho fyuzi ndogo iliyowekwa kwa usalama huyeyuka. Pengine vipande vya ganda hukwama katika kile kizuizi, kikashindwa kufunga, na maji ya moto yakarudi katika tangi badala ya kupanda. Mashine ikifoka bila ya kutoa kahawa, mara nyingi ndilo hilo.

Dawa yake iko katika kila jiko la Unguja. Mwenye shaka na achukue kipande cha ganda la birika, akikamulie ndimu juu yake: kitatoa povu na kulainika. Ukali wa ndimu au wa siki hulila jiwe la chokaa. Kwa mashine, siki nyeupe ni bora kuliko ndimu ya kukamua, kwa sababu nyama na mbegu za ndimu huweza kuziba bomba lile lile linalotakiwa kuzibuliwa. Anayetumia ndimu aichuje kwa kitambaa safi, tena mara mbili. Asidi ya ndimu ya unga nayo inafaa sana, kijiko kimoja au viwili vya mezani katika lita moja ya maji, na haina harufu.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kahawa na karatasi huondolewa. Tangi hujazwa siki na maji kwa kiasi sawa ikiwa mashine imechakaa, au fungu moja la siki kwa mafungu mawili ya maji ikiwa inatunzwa kila mara. Mashine huwashwa mpaka nusu ya maji ishuke katika jagi, kisha huzimwa na kuachwa kwa nusu saa, ili siki iliyobaki ndani ya bomba ifanye kazi ikiwa bado na joto. Hapo huwashwa tena hadi mwisho. Yaliyotoka yakiwa na vipande vyeupe, kazi hurudiwa. Baada ya hapo tangi hujazwa maji safi matupu na kuendeshwa mara mbili au tatu, mpaka harufu ya siki iishe. Haifai kuiacha siki ndani usiku kucha, maana bomba ni la alumini na ukali huila alumini pia. Wala siki isichanganywe kamwe na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu. Mtu mmoja mwenye bidii katika jiko lisilo na dirisha aweza kujidhuru vibaya kwa kutaka usafi wa haraka. Magadi makali ya kuzibulia mabomba nayo yasikaribie alumini.

Kwa maji ya maweni na mashine inayotumika kila siku, kazi hii yafaa kufanywa kila mwezi. Asiyetaka kufanya mara nyingi hivyo na atumie maji ya mvua, ambayo hayana chokaa. Chama chenye bati na tangi la kukingia maji ya masika na vuli kina dawa ya bure juu ya paa lake, ilimradi mvua ya kwanza iachwe isafishe vumbi la paa kabla ya kukinga. Jambo moja lisisahauliwe: maji ya mvua, ya kisima au ya bomba, kama si salama kunywewa, yachemshwe kwanza katika sufuria. Mashine huyapitisha maji katika moto kwa muda mfupi tu, na haikutengenezwa kuua vijidudu. Unguja iliyopata kipindupindu mwaka 2015 na 2016 haihitaji kuambiwa zaidi.

Chumvi ni habari nyingine. Visima vilivyo karibu na bahari huwa na maji ya magadi, na chumvi hiyo haiondolewi kwa siki. Huharibu ladha na huozesha chuma. Maji ya namna hiyo yasitiwe katika mashine kabisa.

Uchafu wa pili ni mafuta. Kahawa ina mafuta yake, ambayo hushika katika jagi na katika kikapu cha chujio, na baada ya siku chache huchacha. Mtu hulaumu kahawa iliyonunuliwa mjini kumbe kosa liko katika jagi. Sabuni, maji ya moto na kitambaa laini kila siku vinatosha. Jagi lenye joto lisitiwe maji baridi kwa ghafla, litapasuka, na jagi peke yake ni shida kulipata Unguja. Machicha yasilale ndani: katika joto na unyevu wa pwani hufanya ukungu mapema. Usiku tangi liachwe tupu na kifuniko wazi. Mende nao hupenda joto la sehemu ya chini ya mashine na hufanya humo makazi, kwa hiyo chombo kikaushwe, kiinuliwe na kutazamwa.

Na mdila? Wazee hawakusoma habari za asidi, lakini waliisugua shaba kwa ndimu na majivu, au kwa ukwaju, mpaka ing'are. Walijua pia jambo ambalo wanunuzi wa siku hizi wa midila ya zamani hawalijui: nje husuguliwa kwa nguvu, ndani hapana. Ndani ya chombo cha shaba hutiwa bati, na mchanga huliondoa bati hilo. Shaba ikitokeza ndani, kutu ya kijani hufuata, nayo ina madhara kwa tumbo. Mdila wa namna hiyo hurudishwa kwa fundi utiwe bati upya, tena bati safi lisilochanganywa na risasi, kwa maana risasi ni sumu inayokaa mwilini. Fundi aliyezoea kulehemu mabomba na makopo huenda asiwe na bati jingine ila lile lenye risasi, hivyo aulizwe kabla ya kupewa chombo.

Tofauti ya mdila na mashine ya chama iko katika jambo moja zaidi. Mdila una mwenyewe. Muuza kahawa huutazama kila alfajiri kwa sababu ndio riziki yake. Mashine ya chama ina wenyewe mia moja, na kila mmoja hudhani mwingine ameisafisha. Kwa hiyo kamati yafaa imtaje mtu kwa jina, itaje siku ya mwezi, na siki iandikwe katika matumizi ya jiko kama yanavyoandikwa makaa na sukari. Chama kilichokubali kununua mashine na kikakataa kununua chupa ya siki kimenunua nusu ya kitu.

Kabla mashine iliyonyamaza haijafutwa katika daftari, na itiwe siki kwanza ikiwa bado inapata moto. Ikiwa haipati moto kabisa, ichomolewe katika umeme na kupelekwa kwa fundi, aitazame fyuzi ya ndani, ambayo ni kitu kidogo na rahisi kuliko mashine nzima. Fundi asikubaliwe kuiunga waya moja kwa moja bila ya fyuzi, ingawa atasema inafanya kazi. Itafanya kazi mpaka siku itakaposhika moto. Mashine iliyotoka Marekani isomwe kibandiko chake cha chini: ikiwa imeandikwa volti 120 na umeme wa hapa ni 230, hakuna siki itakayoiokoa.

Na mdila usiuzwe. Mwezi wa Mei 2008 njia inayoleta umeme kutoka bara ilipata hitilafu na Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima. Kuanzia Desemba 2009 ikakaa tena kwa miezi mitatu hivi. Siku hizo zote kahawa ya barazani haikukosa.