Kiu ya Uongo

Juma hili naomba tuache kidogo bei ya unga, tuzungumze habari ya ule mmea wa miiba ulio dirishani kwako: kaktasi. Wengi mliununua kwa kuambiwa haufi. Unakufa, tena mara nyingi kwa huruma ya mwenyewe.

Mambo huanza hivi. Mmea unasinyaa. Mwenye nyumba anasema una kiu, anamimina maji. Kesho umezidi kusinyaa, anaongeza. Kumbe mizizi ilikwisha kuoza, na mmea usio na mizizi hauwezi kunywa hata ukiutia kisimani. Dalili ni moja, dawa ni kinyume.

Kwa hiyo, kabla ya kushika kopo la maji, bonyeza shina kwa kijiti, chini kabisa. Likiwa gumu, na udongo ni mkavu hadi ndani, hiyo ni kiu ya kweli. Mwagilia mpaka maji yatoke chini. Likiwa laini kama papai lililoiva mno, ng'oa leo leo, ukiushika kwa gazeti lililokunjwa. Kata kwa kisu safi juu ya palipooza, uendelee hadi pasiwe na doa la kahawia, ukifuta kisu kila mara. Kipande kizima kiache kivulini, pakavu, juma moja au mawili, kidonda kifanye gamba. Hapo ndipo watu hushindwa: hupanda siku ile ile, na kuoza kunaanza upya. Kisha panda katika mchanga wa chengachenga wenye udongo kidogo, katika chungu chenye tundu. Nimeona vingi sokoni vimepakwa rangi nzuri, tundu hakuna. Hizo ni ndoo. Na masika yakianza, chungu kiingie barazani.

Pamba nyeupe kati ya miiba si ua, ni wadudu wafyonzao. Wafute kwa spiriti. Shingo nyembamba iliyopauka ni njaa ya jua, lakini usiutoe juani ghafla, utaungua. Gamba gumu la kahawia chini ya shina la zamani ni uzee tu.

La mwisho ni la hatari. Baadhi ya mimea inayouzwa kando ya barabara kwa jina la kaktasi ni ndugu wa mnyaa, ule wa kuzungushia ua. Ukikata ukaona maziwa meupe, waondoe watoto, usijiguse macho, na unawe kwa sabuni. Yakiingia jichoni, osha kwa maji mengi, kisha hospitali moja kwa moja.