Tusiidharau Hofu ya Aliyeshindwa

(Hotuba ya mwalimu wa shule ya msingi, siku ya kumbukumbu ya tarehe 21 Oktoba)



Leo tunamkumbuka Rais Melchior Ndadaye, aliyeuawa tarehe 21 Oktoba 1993. Habari za kifo chake mnazijua. Mimi nimeombwa kuzungumzia hofu waliyokuwa nayo wapiga kura kabla ya kifo hicho. Mwezi ujao tutachagua viongozi wa mitaa hapa kambini, na hofu ya namna ile nimeanza kuisikia kwenye foleni ya maji.

Tarehe 1 Juni 1993 Warundi walipiga kura ya urais yenye wagombea wa vyama vingi. Ndadaye wa FRODEBU alipata karibu asilimia 65. Rais Pierre Buyoya wa UPRONA alipata karibu theluthi moja, akakubali matokeo. Ndadaye aliapishwa tarehe 10 Julai, Mhutu wa kwanza kushika urais.

Nilikuwa mtoto mdogo. Marehemu mama alinisimulia kwamba siku ya matokeo, nyumba nyingine kilimani kwetu zilipiga ngoma, nyingine zilizima taa mapema. Asubuhi alikwenda kwa jirani kuomba moto kama kawaida, akakuta mlango umefungwa kwa ndani.

Ndugu zangu, aliyefunga mlango ule hakuwa mjinga. Karani aliogopa kuondolewa kazini. Mkulima aliogopa kwamba wakimbizi wa mwaka 1972 wakirudi watadai mashamba. Upande wa pili, waliopoteza baba na kaka mwaka 1972 waliogopa kwamba jeshi halitakubali kura zao.

Ndadaye aliijua hofu, kwani naye aliwahi kuwa mkimbizi huko Rwanda. Alimteua Sylvie Kinigi, Mtutsi wa UPRONA, kuwa Waziri Mkuu. Ilikuwa hatua njema, lakini wanajeshi waliasi. Walimuua Rais, na pia Spika Pontien Karibwami na makamu wake, Gilles Bimazubute. Kisha Watutsi waliuawa vilimani, pamoja na Wahutu wa UPRONA. Jeshi nalo likaua Wahutu. Mamia ya maelfu walivuka mipaka.

Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulijaribu kuijibu hofu hiyo kwa maandishi: kabila moja lisizidi nusu ya jeshi. Katiba ya mwaka 2005 ikapanga Bunge liwe na Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40, na Watwa watengewe viti vitatu. Mwaka 2015 ikaja hofu nyingine, kwamba aliyeshinda hataki kutoka. Wengi wetu tuko hapa kwa sababu hiyo.

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni kweli. Anayeshindwa asubiri uchaguzi mwingine, asitafute panga. Lakini mshindi naye ana deni. Kura humpa mtu cheo. Haimwondolei jirani yake hofu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, kila mgombea asimame hadharani aseme jambo ambalo hatamfanyia asiyempigia kura. Aseme kwamba hatafuta jina la mjane au mlemavu kwenye orodha ya wasiojiweza kwa sababu ya mkoa aliotoka. Pili, orodha hizo zibandikwe ubaoni kabla ya uchaguzi na baada yake, ili kila mtu azisome mwenyewe. Ndugu wa mashirika, hapo tunahitaji msaada wenu.

Na asubuhi ya matokeo, aliyeshinda aende kwanza kwa jirani aliyefunga mlango. Abishe hodi, asubiri.