Mlima Ndani ya Faili

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nieleze kazi yangu serikalini. Natengeneza picha za milima na mabonde kwa kompyuta, mtu akaitazama nchi kana kwamba anaruka juu yake. Wenzangu wa darasa letu watakumbuka tulivyoufinyanga Kilimanjaro kwa magazeti na uji wa unga. Siku hizi udongo wetu ni tarakimu.

Nyingi zilipatikana Februari 2000, chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilipoipima dunia kwa rada kwa siku kumi na moja. Faili moja hufunika digrii moja ya latitudo na moja ya longitudo, nalo huitwa kwa kona yake ya kusini-magharibi. Kwa hiyo Kibo, kilicho kusini kidogo ya latitudo 3, kimo katika S04E037. Anayekitafuta S03 hakioni ng'o. Ndani mna safu 3,601 zenye vimo 3,601 kila moja, bila neno hata moja la maelezo.

Hapo ndipo penye mtego. Kila kimo huandikwa kwa baiti mbili, kubwa ikitangulia, na kompyuta zetu nyingi huanza na ndogo. Usipozigeuza, mita 5,895 za Kibo husomeka 1,815, na mahali penye mita 800, kama sehemu za mji wa Moshi, hupanda hadi 8,195! Tena upana umo katika digrii na kimo katika mita. Usipougeuza upana uwe mita, mlima huwa sindano. Makosa hayo hayana hatari, kwani hata mtoto huyaona.

Langu lilijificha. Miaka kadhaa iliyopita tulipeleka kijijini picha ya njia ya bomba la maji ya mserereko. Ili ipendeze, nilikuwa nimevikuza vimo mara tatu. Mteremko ukaonekana mkali, wajumbe wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema, "Mwanangu, hapo maji hayapiti. Baba zetu walijaribu mfereji." Nilimjibu kwa adabu, lakini moyoni nilikuwa na shahada yangu.

Wananchi walichimba mtaro siku tisa. Tulipopima ardhini, chemchemi ilikuwa chini kuliko mahali pa tangi. Chemchemi imo msituni, na rada ilikuwa imepima miti, si udongo; nami kwa kukuza nikalikuza na kosa lenyewe.

Nilirudi kumwomba mzee radhi. Alinipa chai, akatuonyesha chemchemi nyingine.

Tangu hapo kila picha itokayo mezani kwangu huandikwa pembeni imekuzwa mara ngapi. Ndugu Mwenyekiti, leo nimeleta ya Kilimanjaro isiyokuzwa hata kidogo. Wengi mtasema mlima umelala. Iko chumba cha jiografia, karibuni baada ya chai.