Utamaduni na Demokrasia: Somo la Kamĩrĩĩthũ

Hotuba iliyotolewa siku ya kukutana kwa wanafunzi wa zamani



Nimeombwa niseme machache juu ya utamaduni na demokrasia. Mimi si profesa. Ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni faili na mihuri. Kwa hiyo nitazungumza juu ya mtu mmoja na kijiji kimoja, kisha nitaungama jambo langu mwenyewe.

Mtu huyo ni Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa karibu na Limuru mwaka 1938, akafariki Marekani Mei 2025. Mwaka 1968, akifundisha Chuo Kikuu, Nairobi, yeye pamoja na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza Idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi ya Afrika iwe ndiyo kitovu cha masomo. Hoja ilikuwa nzito, lakini ilikuwa ya wasomi kwa wasomi, tena kwa Kiingereza.

Jambo kubwa zaidi lilitokea kijijini kwao, Kamĩrĩĩthũ. Huko palikuwa na kituo cha wanakijiji, penye masomo ya ngumbaru. Ngũgĩ na mwenzake Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakaandika mchezo kwa Kigĩkũyũ, Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda. Ni kisa cha kibarua Kigũũnda, mwenye ekari moja na nusu tu, ambaye anashawishiwa kukopa benki kwa hati ya shamba lake, mwishowe akalipoteza. Wakulima na vibarua waliwasahihisha waandishi lugha na nyimbo, wakajenga kwa mikono yao jukwaa la wazi la kuketi watu zaidi ya 2,000. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977.

Tarehe 16 Novemba kibali kikafutwa. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ akatiwa kizuizini bila kushtakiwa, akakaa Kamĩtĩ karibu mwaka mzima. Humo ndimo alimoandika riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ juu ya karatasi za chooni. Machi 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa.

Sasa vijana, pimeni jambo hili. Julai mwaka ule ule wa 1977, riwaya yake Petals of Blood, iliyo kali kama mchezo ule, ilizinduliwa Nairobi, na mzinduzi alikuwa waziri wa serikali, Mwai Kibaki. Kwa nini kitabu kilizinduliwa na mchezo ukafungwa? Kwa maoni yangu, kitabu cha Kiingereza kilisomwa na sisi wenye mishahara. Mchezo ulisikiwa na Kigũũnda mwenyewe, naye akaujibu. Hapo ndipo utamaduni unapokuwa demokrasia: anayesemwa anapopata nafasi ya kusema.

Bwana Mwenyekiti, sasa naungama. Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi katika ofisi ya ardhi mashambani. Orodha ya wenye mashamba ilipokamilika, sheria iliwapa wananchi siku 60 za kuipinga. Nikabandika tangazo ubaoni, kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa desturi. Siku zilipokwisha kupita, akaja mama mmoja mjane. Sehemu ya shamba la marehemu mumewe ilikuwa imeandikwa kwa jina la shemeji yake. Nikamwambia, "Mama, muda umekwisha. Tangazo lilikuwa pale nje." Akasema kwamba alipita mbele ya ubao ule kila siku ya soko. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, tangazo hilo lilikuwa likimwambia nani?"

Sikuwa na jibu. Sikuvunja sheria yoyote, na kila karatasi ilikuwa na mhuri wake. Hata hivyo mama yule alirudi nyumbani mikono mitupu, na mimi ndimi niliyebandika tangazo.

Nilijifunza wapi kutoona ubaya wake? Nadhani nilianza hapa hapa. Wenzangu mnakumbuka kile kibao tulichokiita diski, alichovikwa shingoni aliyenaswa akisema lugha ya nyumbani. Nilikivaa mara nyingi, kisha nikawa hodari wa kuwavika wengine. Sisemi Kiingereza kiachwe, kimenipa kazi. Nasema tusikifanye ukuta.

Mengi yamebadilika. Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza ni lugha rasmi. Inautaja utamaduni kuwa msingi wa taifa. Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilichezwa tena Nairobi, katika ukumbi wa taifa. Lakini Katiba haibandiki matangazo. Hubandikwa na watu kama sisi.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwenu wenzangu wenye mihuri: kabla ya kuupiga, someni karatasi ile kwa sauti, katika lugha ya yule itakayemgusa. Kwenu vijana: chama chenu cha mijadala kifanye mjadala mmoja kila muhula kwa Kiswahili, na wazazi waalikwe, si kusikiliza tu, bali kuwajibu.