Dawa ya Dharura Shuleni ni Amana

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyejaalia maradhi na akajaalia pamoja nayo dawa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu mlio misikitini na mlio majumbani mkisikiliza, tunaziusia nafsi zetu na kukuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu.

Khutba yetu ya leo yahusu amana ya watoto wetu wawapo shuleni. Sisi wa Nachingwea na Ruangwa tumezungukwa na karanga na korosho. Nachingwea ni miongoni mwa mahali ambapo Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa mashamba makubwa ya karanga mwaka 1947, ikauacha mwaka 1951. Mitambo iliondoka, karanga zikabaki katika vyungu vyetu. Na mikorosho leo ni tegemeo la nyumba nyingi. Ni neema, nasi twamshukuru Mungu. Lakini wapo watoto wachache ambao chakula hicho hicho huwadhuru. Hali hiyo huitwa mzio, na wengi huiita aleji. Huweza kuletwa pia na samaki, mayai, maziwa, au mwiba wa nyuki.

Aghalabu mzio huwa mwepesi: ngozi huwasha, macho huvimba, kisha hutulia. Lakini mara nyingine huushika mwili wote kwa dakika chache. Ulimi huvimba, sauti hukauka, pumzi hubana, mtoto hutapika, kisha nguvu ya damu hushuka naye huzimia. Wapo wanaodhani amepagawa, wakaenda kumtafuta mtu wa kumpunga pepo. Kumwombea dua ni jambo jema, wala haliachwi. Ila lisimcheleweshe mtoto kupata dawa.

Dawa yenyewe ni adrenalini, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hudungwa katika msuli wa paja, upande wa nje, na hufanya kazi upesi. Vidonge vya mzio hupunguza kuwasha, lakini haviwezi kulifungua koo linaloziba. Adrenalini haihitaji jokofu. Yataka kuwekwa mahali pasipo joto kali wala mwanga, na tarehe yake iangaliwe kabla haijapita.

Basi tujiulize: akianguka mtoto saa nne, wakati wa mapumziko, dawa hiyo iko wapi? Ikiwa iko zahanati, nayo zahanati iko mbali, na njia imejaa matope ya mvua, ni nani atakayeileta? Na ikiwa iko kabatini, ufunguo anao nani? Dawa iliyofungiwa na mtu aliyesafiri ni sawa na dawa isiyokuwapo.

Atasema mtu: ajali ikifika haina dawa. Ni kweli, lakini nani kati yetu aliyeonyeshwa siku ya ajali? Mtume wetu alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Kabati tupu si tawakali; ni uzembe uliovikwa kanzu ya dini.

Kwa hiyo, enyi wazazi, mtoto aliyewahi kuvimba au kubanwa na pumzi baada ya kula au kuumwa na nyuki, mpelekeni kwa mganga, kisha mwambieni mwalimu wake waziwazi. Msione haya. Enyi walimu na kamati za shule, andikeni majina ya watoto hao, mwendeni kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, mwombe dawa iwekwe karibu na mtu afundishwe kuitumia. Hatusemi mtu adunge sindano kwa kubahatisha. Twasema mkono uliofundishwa uwepo kabla ya siku ya msiba. Na sisi waumini, sadaka zetu zisiishie kwenye mikeka na taa za msikiti. Kununua dawa ya kumwokoa mtoto nako ni sadaka.

Nanyi wanafunzi, kugawana chakula ni tabia njema, lakini mwenzenu akisema karanga humdhuru, msimshurutishe wala msimcheke. Akizidiwa, mmoja akimbie kumwita mwalimu. Wengine wamlaze chali, au wamwache akae ikiwa pumzi inambana, wala asisimamishwe wala kutembezwa. Hata akiwa amefunga Ramadhani, asinyimwe dawa: mgonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa siku nyingine, na uhai ukipotea haulipwi.

Kitabu chetu kimetufunza kuwa mwenye kuiokoa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote. Nafsi hiyo huenda ni ya mtoto uliyemwaga asubuhi akiwa na daftari mkononi.

Ewe Mola wetu, tuhifadhie watoto wetu, na utujaalie kuwa watunzaji wa amana yako. Amin.