Vipande Vilivyobaki Mezani

Somo: Yohana 6:1–13

Po pote mlipo asubuhi hii, jikoni mkisubiri chai ichemke, garini mkielekea kazini, au kitandani kwa sababu ya ugonjwa, karibuni tutafakari pamoja kwa dakika chache.

Katika somo letu watu wapata elfu tano wamekwisha kula mikate ya shayiri na samaki, nao wameshiba. Sisi tungaliona kazi imekwisha, tukaenda zetu. Lakini Bwana Yesu aliwaagiza wanafunzi warudi nyasini wakaokote mabaki, kisipotee hata kimoja, nao wakajaza vikapu kumi na viwili. Neno tunalotaka kulishika leo ni hilo dogo: vipande.

Uko mchezo ambao wengi wetu tunaujua. Picha hubandikwa juu ya ubao au karatasi ngumu, kisha hukatwakatwa vipande vidogo, nawe wapaswa kuiunganisha tena. Mchezo huu ulianza kuuzwa London katika miaka ya 1760. John Spilsbury, mchonga ramani, alibandika ramani juu ya mbao na kuzikata kwa kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia. Kwetu Kiembeni mchezo huu huja zaidi pamoja na mitumba, na soko la Kongowea si mbali. Huuzwa kwa bei nafuu, lakini mara nyingi boksi limepasuka na kufungwa kwa kamba, na kifuniko chenye picha hakipo.

Basi vimwage vipande elfu moja mezani uone. Ikiwa picha ina safu 25 kwa 40, vipande vya ukingo ni 126 tu, na katika hivyo vya pembeni kabisa ni vinne. Hivyo ni rahisi kuvitambua, kwa kuwa vina upande ulionyoka. Jioni ya kwanza ukingo hukamilika, na watu wa nyumbani hufurahi kana kwamba safari imekwisha. Kumbe vimebaki vipande 874, na pengine nusu yake ni mbingu tupu ya buluu.

Hapo uchungu huanza. Kipande kina rangi ile ile, lakini hakiingii. Ukikisukuma kwa nguvu, wakiharibu pamoja na jirani yake. Tena kipo kibaya zaidi: kipande kisicho mahali pake ambacho huingia vizuri kabisa, na baada ya siku tatu ndipo waona kwamba upande mzima umekwenda kombo. Umeme ukikatika, kazi imekwisha, maana mbele ya mshumaa buluu na kijani ni ndugu. Unyevu wa pwani huivimbisha karatasi. Na wakati wa chakula meza yatakiwa, ndipo kazi yote huinuliwa juu ya ubao na kusukumwa polepole chini ya kitanda.

Lakini furaha yake nayo ni ya kweli. Kipande kilichotafutwa usiku kucha chaonekana asubuhi kwa dakika moja, baada ya macho kupumzika. Mtu hujifunza kuacha kutazama rangi peke yake, akatazama na umbo. Tena ni kazi isiyombagua mtu. Nyanya asiyejua kusoma hupita, husimama kidogo, akachukua kipande na kukiweka mahali pake, na mtoto wa darasa la pili hufanya vivyo hivyo. Hakuna anayeshindwa, maana picha ni ya wote.

Msidhani kwamba mambo haya ni ya wenye nafasi tu. Mwaka 1932 na 1933, wakati uchumi wa Marekani ulipoanguka na mamilioni ya watu wakawa hawana kazi, mchezo huu ulienea huko kuliko wakati wo wote uliotangulia. Ulikatwa kwa karatasi ngumu ili uwe rahisi, ukauzwa kwa senti chache. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozifungia watu nyumba zao, mauzo yake yalipanda tena duniani. Kwa nini? Mtu aliyenyang'anywa kazi yake ana kiu ya kukamilisha jambo lo lote, hata likiwa dogo.

Sisi wa Kiembeni twalielewa jambo hili. Mwezi wa Aprili 2020 watu walizuiwa kuingia na kutoka Mombasa. Hoteli za pwani zilifungwa, na majirani zetu wengi, wapishi, watunza bustani, madereva wa watalii, walikaa barazani mchana kutwa. Makanisa nayo yalifungwa. Siku zilikuwa kama vipande vilivyomwagwa, na kifuniko chenye picha hakikuwapo. Wengine mpaka leo hawajarudi mahali walipokuwa. Ikiwa u mmoja wao, ndugu msikilizaji, maneno haya ni yako hasa.

Kwanza, anza na kilichonyoka. Huwezi kuipanga mbingu yote leo, lakini uko ukingo unaoujua: sala ya asubuhi, ukweli wa neno lako, mkono wako kwa mkeo na watoto wako. Panga huo.

Pili, usilazimishe. Kazi isiyo halali huingia mahali pake vizuri sana kwa siku tatu. Deni la kuficha, vivyo hivyo. Halafu upande mzima huenda kombo, na kuurekebisha ni taabu kuliko kungoja.

Tatu, usikate tamaa kwa ajili ya kipande kilichopotea. Kila anayenunua mtumba anajua pigo hilo: vipande 999 viko mahali pake, na katikati liko tundu moja. Nyumbani zetu yako matundu ya namna hiyo. Yuko mtoto aliyefariki, au mume aliyekwenda asirudi, na hatuwezi kuwaambia kwamba kipande hicho kitaokotwa chini ya kochi. Lakini wataalamu wa vitu vya kale hutufundisha jambo. Wanapounganisha mtungi uliovunjika, kama mitungi ya kale inayowekwa katika makumbusho ya Fort Jesus, pengo laweza kujazwa kwa plasta, nayo plasta haifichwi isionekane. Ufa waonekana, na mtungi wasimama. Vivyo hivyo Bwana wetu alipofufuka, alimwonyesha Tomaso alama za misumari.

Nne, kumbuka kwamba wewe mwenyewe u kipande. Karibu na daraja la Nyali, pale Kengeleni, ungali umesimama mnara wa kengele ya Freretown. Makazi yale yalianzishwa mwaka 1875 na wamishenari wa CMS kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, waliong'olewa makwao, wengi wao wangali watoto. Wenzao waliokuwa wamelelewa India walirudi kuwasaidia. Ye yote angaliwatazama siku ile angaliona mabaki tu. Lakini walijifunza lugha moja, wakajenga nyumba, wakaoana, wakaimba pamoja, na kanisa lao la Emmanuel lingali na waabudu hata leo. Hakuna aliyewarudishia mama zao. Lakini hawakuachwa nyasini.

Wapendwa, Yeye aliyehesabu mabaki ya mikate ya shayiri, chakula cha maskini, hatakusahau wewe uliyebaki. Leo, katika mtaa wako, mtafute mmoja aliyeanguka chini ya meza, ambaye jina lake halitajwi tena katika ibada. Mpelekee unga kidogo ukiweza. Ukiwa huna, kaa naye barazani.

Tuombe. Ee Baba, Wewe waiona picha nzima, nasi twaona kipande kilicho mkononi tu. Tupe subira ya kungoja na macho ya kutambua. Wasio na kazi uwape kazi, waliofiwa uwashike mkono, na waliopotea utufanye tuwatafute. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.